SOMO LA UFUNDI: PIMA SILINDA KABLA YA KUISUGUA



Somo letu linahusu kusugua silinda wakati injini inafumuliwa na kuundwa upya, kazi ambayo mafundi huiita honingi. Barabara ya Hoima inayopita Kasubi kwenda Nansana ina magari ya abiria mchana kutwa, na mwenye gari hutaka gari lake lirudi kazini upesi. Hapo ndipo fundi huambiwa: “Piga honingi tu, tia ringi mpya.” Baada ya miezi michache injini hutoa moshi wa buluu, na lawama humwangukia fundi. Pengine hata ujira wake hukatwa. Yafaa basi tujue honingi inaweza nini na haiwezi nini.

HONINGI NI NINI?

Silinda iliyotumika muda mrefu hung’aa kama kioo. Oili haishiki vizuri juu yake, na ringi mpya hazikai sawasawa. Mawe ya honingi hukwaruza ukuta na kuacha mistari myembamba inayokatana. Mistari hiyo hushika oili na kuzisaidia ringi kuzoeana na ukuta. Lakini honingi haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kulika.

KUPIMA

Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapoishia, kwa kuwa joto na mgandamizo ni mkubwa na oili ni haba. Tena hulika zaidi ubavuni, upande ambao pistoni husukumwa. Kwa hiyo pima mahali patatu: juu, kati na chini. Kila mahali pima mara mbili: kwa kufuata urefu wa krenkishafti, na kwa kuukata. Injini ya silinda nne itakupa vipimo 24.

Tuchukue mfano. Injini ya dizeli ya Toyota 3L, iliyofungwa katika HiAce nyingi, ina silinda za kipenyo cha milimita 96. Tuseme umepima ukapata 96.22 juu na 96.03 chini. Tofauti ni 0.19. Ringi ndani ya silinda hiyo hutanuka na kubanwa kila krenkishafti inapozunguka. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kila sekunde. Ringi mpya haitadumu humo. Bloku hiyo yapasa kupelekwa kwenye mashine, kama zile za mafundi chuma wa Katwe, ipanuliwe hadi 96.50 na kutiwa pistoni za ovasaizi. Nunua pistoni kwanza, uzipeleke pamoja na bloku, ili mwenye mashine apime nafasi kati ya pistoni na ukuta.

Ikiwa vipimo vyote viko ndani ya kiasi kilichotajwa na kitabu cha mtengenezaji, na ukuta hauna michubuko mirefu, hapo honingi inatosha.

KAZI YENYEWE

1. Toa krenkishafti na beringi zake. Chembe za mawe zikiingia humo zitakula chuma.
2. Funga bloku imara. Lowesha mawe na ukuta kwa oili nyepesi wakati wote.
3. Zungusha drili polepole huku ukipandisha na kushusha bila kusimama. Mistari ikatane kwa pembe ya karibu digrii 45. Ikilala mno, ongeza mwendo wa kupanda na kushuka. Ikisimama mno, upunguze.
4. Usichomoe kifaa kikiwa kinazunguka. Mawe yanaweza kuvunjika na kuruka.
5. Simama mara kwa mara upime. Ukishaona mistari kote, acha.
6. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli na mafuta ya taa huondoa oili, lakini huziacha chembe ndani ya mistari. Pangusa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, kisha paka oili mara moja, kabla kutu haijaingia.
7. Ingiza kila ringi peke yake, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wake kwa fila geji.

USALAMA NA HAKI

Vaa miwani ya kazi. Usioshe vyuma kwa petroli: mvuke wake hushika moto upesi. Osha mikono vizuri, kwa maana oili chafu ya injini hudhuru ngozi na inaweza kuleta kansa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Jambo la mwisho, ndugu: andika vipimo vyote karatasini, pamoja na ushauri wako. Mwenye gari akikataa kulipia mashine, atie sahihi pale pale, na msimamizi pia. Siku injini itakaporudi, fundi asiye na karatasi atakuwa na maneno matupu tu, nawe utakuwa na shahidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini silinda hulika zaidi sehemu ya juu?
2. Silinda moja kati ya nne imezidi kiasi. Utamshauri nini mwenye gari?
3. Katika gereji yenu, nani huweka karatasi za vipimo? Kama hakuna, mtaanza lini?