UVIKO-19 kwa Wanaoishi na Saratani Sugu ya Damu: Ulinzi Huanzia Nyumbani

Tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Tangazo hilo halikuwa na maana kwamba virusi vya korona vimetoweka. Kwa wananchi walio wengi ugonjwa huo sasa hupita kama mafua, lakini wapo ambao kwao hatari ingali kubwa. Miongoni mwao ni wanaoishi na saratani sugu ya damu.

Saratani sugu ya damu ni nini?

Damu hutengenezwa katika uboho, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo huzaliwa seli nyeupe, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya maradhi. Mtu apatapo saratani ya damu, seli hizo huzalishwa kupita kiasi zikiwa na kasoro; huwa nyingi, lakini hushindwa kuulinda mwili. Aina iliyo sugu huenda polepole. Mgonjwa aweza kuishi nayo miaka mingi, akilima, akifanya biashara na kulea watoto, pasipo jirani kutambua.

Zipo aina mbili kuu. Ya mailoidi hutibiwa zaidi kwa vidonge vya kila siku, kama vile imatinib. Ya limfoidi huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, na hudhoofisha utengenezaji wa kingamwili. Hii ya pili ndiyo iliyo katika hatari kubwa zaidi mbele ya korona.

Funzo kutoka Kirkland

Mapema mwaka 2020, katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, mama wa miaka 71 mwenye saratani ya limfoidi alilazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Alikuwa ametoka katika kituo cha huduma kilichokumbwa na mlipuko wa korona, hivyo akapimwa na kukutwa na virusi. Hakupata homa wala kikohozi cha ugonjwa huo. Hata hivyo, siku 70 baada ya kipimo cha kwanza, watafiti walikuta bado anatoa virusi hai vyenye uwezo wa kuambukiza. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Cell mwaka huohuo.

Tukio hilo linafundisha mambo mawili. Kwanza, kukosa dalili si kukosa maambukizi. Pili, siku za kujitenga zilizozoeleka huenda zisimtoshe mgonjwa wa aina hii. Daktari ndiye anayepaswa kuamua ni lini yu salama kuchangamana na wengine.

Chanjo na mipaka yake

Tanzania ilizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani. Chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua sana. Lakini mgonjwa wa saratani ya limfoidi, hasa aliyetibiwa karibuni kwa dawa kama rituximab, huweza kuchanjwa na mwili wake usitoe kingamwili za kutosha. Ndiyo maana wanaoishi naye nao wanahimizwa kuuliza kuhusu chanjo katika kituo chao cha afya: kinga yao ni uzio wa pili kwake.

Mambo ya kuzingatia

1. Mgonjwa asiache wala kupunguza dawa za saratani kwa uamuzi wake mwenyewe, hata akiambukizwa korona.

2. Apatapo homa, kikohozi au shida ya kupumua, afike kituoni siku hiyohiyo. Nyungu au dawa za dukani zisimcheleweshe.

3. Amweleze mhudumu mapema kuwa ana saratani ya damu, na aonyeshe kadi ya kliniki pamoja na dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za korona hukinzana na dawa za saratani.

4. Mwanakaya mwenye mafua avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni, na ikiwezekana asilale chumba kimoja na mgonjwa. Madirisha yafunguliwe.

5. Majirani wasimhesabu kuwa mwenye maringo asipotoa mkono msibani, au akikaa nje penye hewa wakati wa harusi. Anafuata maelekezo ya daktari, wala si lazima autangaze ugonjwa wake ili aeleweke.

Pa kupata huduma

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na ngazi za juu. Matibabu ya kibingwa ya saratani hutolewa, pamoja na kwingineko, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Kwa ushauri wa afya, mwananchi anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.