SOMO LA AFYA: MTOTO MCHANGA ANAYELIA SANA



Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako, yuko mtoto mchanga anayelia kila jioni. Amenyonya, nepi yake ni kavu, hana homa, lakini analia tu. Anakunja miguu, anakaza tumbo, anafumba ngumi. Mama amechoka. Baba anatoka nje. Majirani wanasema, "Huyo ana chango." Je, tufanye nini? Leo tutajifunza kumtuliza mtoto huyu, mambo ya kuepuka, na wakati wa kumkimbiza zahanati.

1. Kilio ni lugha ya mtoto

Mtoto mchanga hajui kusema. Akiona njaa, joto, baridi au uchovu, hulia. Kilio huanza kuongezeka mtoto akiwa na wiki 2 hivi. Huwa kikubwa zaidi akiwa na wiki 6. Kisha hupungua, na watoto wengi hutulia wakifikisha miezi 3 au 4. Watoto wa kijijini, wa mjini na hata wa Ulaya, wote hupita njia hiyo.

Wako watoto wenye afya nzuri ambao hulia saa 3 au zaidi kwa siku, kwa siku 3 au zaidi katika wiki. Wataalamu hawajapata sababu moja ya kilio hicho. Lakini si uvivu wa mama, wala si dalili kwamba maziwa yake ni mabaya.

2. Kwanza tafuta sababu

Mtoto akilia, usibahatishe. Mkague hatua kwa hatua:
- Je, ana njaa? Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana.
- Je, amelowa au amejisaidia?
- Je, amefunikwa nguo nyingi mno? Gusa kifua au shingo yake. Kama anatoka jasho, mpunguzie.
- Je, kuna uzi au unywele uliomkaza kidole? Je, kuna mdudu ndani ya nguo?
- Je, amechoka kwa kupokezanwa na wageni?

3. Namna ya kumtuliza

Baada ya kunyonya, mweke begani na umpapase mgongo mpaka acheue. Mbebe kwa mbeleko, utembee naye taratibu. Mwimbie kwa sauti ya chini. Mpeleke mahali penye utulivu, pasipo redio wala moshi wa sigara au wa jiko. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu. Akisinzia, mlaze chali, wala si kifudifudi. Jaribu njia moja kwa muda kabla ya kushika nyingine. Ukibadilisha njia kila dakika, mtoto atazidi kuhangaika.

4. Mambo ya kuepuka

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Bibi anamwambia mkwewe:

"Mwanangu, mpe kijiko kimoja tu cha dawa ya chango. Sisi wote tulikunywa."

"Nimekusikia, mama. Lakini kule kliniki wametukataza. Mpaka miezi 6 ni maziwa yangu tu."

"Hata maji?"

"Hata maji, mama. Ila akiandikiwa dawa na mganga wa zahanati."

Mkwe huyu amejibu kwa heshima, tena amejibu kweli. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Ukilijaza maji au dawa za mitishamba, atanyonya kidogo, na anaweza kuharisha au kudhurika. Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu mwilini mwa mtoto.

Wengine husema eti mtoto akatwe kimeo, au ang'olewe "meno ya plastiki". Hapana! Kimeo ni kiungo cha kawaida cha koo. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni meno ya utoto ambayo bado hayajaota. Kuyachokoa kunaleta maumivu, kutoka damu nyingi, pepopunda na hata kifo.

Jambo jingine la hatari ni kumtikisa mtoto kwa hasira. Shingo yake ni laini. Akitikiswa kwa nguvu, damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa. Anaweza kupofuka, kupata kilema au kufa.

5. Na mzazi je?

Ukiona hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama. Toka nje kidogo, uvute pumzi, kisha rudi umtazame. Hiyo si kumtupa mtoto, ni kumlinda. Akina baba, kulea si kazi ya mama peke yake. Baba akimbeba mtoto saa moja jioni, mama atapata nafasi ya kula na kulala. Mama akiwa na huzuni isiyokwisha, aseme kliniki. Hayo nayo yanatibika.

6. Dalili za hatari

Mpeleke mtoto zahanati mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:
- hanyonyi, au ananyonya kwa shida;
- ana homa, au mwili ni wa baridi;
- ana degedege;
- amelegea, au ni vigumu kumwamsha;
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani;
- anatapika matapishi ya kijani, au kinyesi kina damu;
- utosi umevimba;
- kilio kimebadilika, kimekuwa chembamba na kikali kuliko siku zote.

7. Tumia kalamu yako

Hapa ndipo kisomo kinapokufaa. Andika katika daftari muda anaolia mtoto. Kwa mfano:

Jumatatu: saa 12.00 jioni hadi saa 2.30 usiku
Jumanne: saa 11.30 jioni hadi saa 1.00 usiku
Jumatano: saa 12.30 jioni hadi saa 3.30 usiku

Siku ya kliniki nenda na daftari hilo pamoja na kadi ya mtoto. Mganga atasoma, na atatazama kama uzito unaongezeka. Mtoto anayelia sana lakini ananyonya vizuri, anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku na anaongezeka uzito, kwa kawaida yuko salama. Mvumilie, atatulia.

Maneno ya kujifunza

Kucheua: kutoa hewa ya tumboni kwa mdomo.
Utosi: sehemu laini juu ya kichwa cha mtoto.
Pepopunda: ugonjwa unaokaza misuli ya mwili, unaoingia kwa njia ya kidonda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mfano wa daftari, mtoto alilia jumla ya saa ngapi kwa siku 3?
2. Kijijini kwenu watoto wanaolia hupewa nini? Kipi kina hatari?
3. Kutoka kwako hadi zahanati ni mwendo wa saa ngapi? Dalili ya hatari ikitokea usiku, nani atakusindikiza?
4. Baba anaweza kusaidia kwa njia zipi? Tajeni 3.