Kuchomelea Bati Jembamba la Alumini kwa Haidrojeni Nyumbani

Somo hili linawahusu wanaounganisha mabati ya alumini yenye unene wa milimita 1 hivi katika gereji zao za nyumbani. Haidrojeni huteuliwa kwa kazi hiyo kwa kuwa joto la mwali wake ni pungufu kuliko la asetilini, hivyo bati halitoboki upesi. Hata hivyo, jicho analolitegemea fundi halimsaidii sana hapa. Haidrojeni haina rangi wala harufu, mwali wake hauonekani vizuri mchana, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kwanza kuwa nyekundu kama chuma. Kwa hiyo tunashauri utaratibu ufuatao.

Wakati wa kununua. Kataa mtungi usio na lebo. Usikubali kuuziwa regyuleta ya asetilini: mgandamizo wa mtungi wa haidrojeni uliojaa hufikia bar 150 hadi 200, ambao ni mkubwa mno kwa regyuleta hiyo. Dai pia valvu za kuzuia moto kurudi kwenye mipira.

Kabla ya kuwasha. Haidrojeni huweza kuwaka inapofikia asilimia 4 hadi 75 ya hewa, nayo hupanda na kukusanyika darini. Fungua mlango pamoja na matundu ya juu. Simamisha mitungi wima na uifunge kwa mnyororo. Pima uvujaji kwa povu la sabuni isiyo na mafuta, kamwe si kwa kiberiti. Viungo vya oksijeni visiguswe na mafuta wala grisi.

Wakati wa kazi. Utando wa oksidi ulio juu ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Usugue kwa brashi safi ya chuma kisichoshika kutu, kisha paka flaksi. Kando ya kiungo, chora mstari kwa sabuni ya mche. Ukigeuka mweusi, joto limekwisha kupanda sana. Usipitishe mkono mbele ya kichomeo ukidhani kimezimika. Moshi wa flaksi hudhuru mapafu, usiuvute.

Baada ya kazi. Osha kiungo kwa maji ya moto na brashi, kwani flaksi iliyobaki huila alumini.

Tangi lililowahi kutiwa petroli lisichomelewe nyumbani, hata likionekana tupu. Ukishuku uvujaji, funga valvu ya mtungi ikiwa ni salama kuifikia, usiguse swichi yoyote ya umeme, kisha watoe watu wote nje.