Mjue Mbwa Wako: Umbo Lake na Tabia Yake



Katika masomo yetu tunazungumza sana juu ya ng'ombe, kuku na mboga. Mbwa hatumgusi, ingawa maboma mengi hapa Kabuchai yana mmoja au wawili. Anakula makombo, analala nje, na mara nyingi tunamkumbuka siku ile amemuuma mtoto wa jirani. Mwezi huu tumeonelea tumsome yeye.

Kuna jambo lingine pia. Siku hizi wako watu wetu wanaofanya kazi mjini ambao hurudi nyumbani na mbwa wadogo wa kizungu, weupe wenye madoa. Majirani wakikaona wanacheka: "Sasa haka katalinda nini?" Basi tuanze na hako kadogo.

1. Teria ni mbwa wa namna gani?

Jina teria latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Hawa ni mbwa waliozalishwa, hasa Uingereza, kwa kazi ya kuwafuata wanyama wanaojificha mashimoni, kama mbweha na panya.

Mmoja anayejulikana sana ni Jack Russell. Amepewa jina la kasisi mmoja wa Uingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi huko Oxford, alimwona mbwa jike wa muuza maziwa, akampenda, akamnunua. Mbwa huyo aliitwa Trump. Alikuwa mweupe, na madoa ya kahawia kwenye macho, masikio na mwanzo wa mkia. Kutoka kwake kasisi alianza kuzalisha mbwa wake wa kuwindia.

Kimo cha Jack Russell ni sentimita 25 hadi 30 mabegani; hafiki hata goti la mtu mzima. Uzito wake ni kilo 5 au 6 hivi. Kifua chake ni chembamba ili apite shimoni. Weupe wake ulimsaidia mwindaji asimchanganye na mbweha, ambaye ni mwekundu.

Tabia yake imefuata kazi yake. Ni mchangamfu, jasiri, hachoki upesi, anabweka sana, anachimba sana, na anafukuza chochote kinachokimbia. Hapo ndipo shida inapoanzia kwetu. Katika boma la Kabuchai, kinachokimbia ni nini? Ni kuku! Mwenye mbwa analaumu mbwa, kumbe mbwa anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Ukimfungia siku nzima bila kazi wala mchezo, atatafuna viatu na kuchimbua matuta ya viazi vitamu.

Mtu anaweza kuuliza, "Je, hawezi kutumalizia fuko shambani?" Anaweza kumkamata mmoja mmoja. Lakini njia ya fuko ni nyembamba, mbwa hawezi kuingia, itabidi achimbe. Akimaliza kuchimba, tuta nalo limekwisha. Mtego bado ni afadhali.

2. Mbwa wetu wa kienyeji

Huyu hakuchaguliwa umbo na kasisi wala mwindaji. Alichaguliwa na maisha. Aliyeweza kuvumilia chakula kidogo, jua, mvua na magonjwa ndiye aliyepona akazaa. Ndiyo maana wengi wao wanafanana: mwili wa wastani usio na mafuta, manyoya mafupi, miguu mirefu kiasi, mkia uliopinda juu. Rangi ni kahawia, nyeusi, nyeupe au mchanganyiko.

Kwa tabia, wengi wao ni waangalifu. Akimwona mgeni anabweka na kurudi nyuma, anabweka tena mpaka mwenyewe atoke. Watu husema huyo ni mwoga. Sisi twasema anafanya kazi nzuri, maana mbwa wa boma kazi yake ni kukuamsha, si kumrarua mtu. Mtu anayemtaka mbwa mkali sana na akumbuke kwamba wageni wake ni pamoja na watoto wa shule, mama wa kanisa, na mzee wa kijiji.

3. Tabia hutoka wapi?

Tabia hutoka sehemu tatu: ukoo, mama, na malezi. Ukoo tumeusema. Mama mkali au mwoga mara nyingi huwafundisha watoto wake vivyo hivyo. Kwa hiyo ukienda kuchukua mtoto wa mbwa, mtazame mama yake kwanza. Usimchukue kabla ya kutimiza wiki 8.

Malezi ndiyo sehemu iliyo mikononi mwetu. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12, mtoto wa mbwa anajifunza ni nani rafiki. Akishikwa kwa upole na watoto, akawaona kuku, ng'ombe, baiskeli na wageni, atakua akivizoea. Akifungwa nyuma ya jikoni miezi yote hiyo na kupigwa mawe, atakua akiogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Samaki mkunje angali mbichi.

4. Kusoma mwili wa mbwa

Mbwa hasemi, lakini mwili wake unasema. Tuwafundishe watoto wetu haya:

(a) Masikio yamelala nyuma, mkia uko katikati ya miguu: anaogopa. Usimkaribie.

(b) Mwili umekakamaa, nywele za mgongo zimesimama, macho yanakukazia: anaonya. Usikimbie. Simama wima, usimtazame machoni, kisha rudi nyuma polepole.

(c) Mkia unatikisika: si lazima awe na furaha. Ukiwa juu na mgumu, jihadhari.

(d) Mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto asiguswe kabisa, hata kama ni wenu.

5. Tabia ikibadilika ghafula

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Anayeijua tabia ya mbwa wake ya kila siku ndiye atakayeona upesi kwamba imebadilika. Na kubadilika huko kwaweza kuwa kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya tangu mwaka 1912, na bado uko. Mbwa mpole anakuwa mkali. Au yule asiyependa watu anajileta karibu ajabu. Anauma vijiti na mawe, anatangatanga mbali na nyumbani, sauti ya kubweka inabadilika, taya linalegea, mate yanatoka, hawezi kumeza. Mwishowe anapooza na kufa. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwama mfupa! Funga watoto ndani, na umwite afisa wa mifugo.

Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, na watoto ndio wanaoumwa sana. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kabla ya dalili, unazuilika kabisa. Mtu akiumwa:

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya miti.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa kidogo. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Tatu, maliza sindano zote ulizoandikiwa. Wengi huacha baada ya ya kwanza kwa sababu kidonda kimepona. Hilo ni kosa kubwa.

Na mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima na amefungika bila hatari, asiuawe haraka. Afisa wa mifugo amwangalie siku 10.

Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Mwaka 2014 nchi yetu ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo kumchanja wako peke yake hakutoshi. Jirani naye amlete wake. Teria wa mjini na yule wa kienyeji, wote wanaugua sawasawa.

Ndugu msomaji, si lazima umpende mbwa. Lakini ukiwa naye bomani, mjue.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Mbwa wako ana tabia gani za kawaida? Watoto wako wanaweza kuzitaja?

2. Mbwa wangapi katika kijiji chetu wamechanjwa mwaka huu? Tuhesabu boma kwa boma.

3. Mtoto akiumwa leo jioni, hospitali ya karibu yenye chanjo ni ipi, na nani atampeleka?