Wageni wa mtoto mchanga

SWALI: Nina mtoto wa wiki tatu. Wageni hawakatiki, na jana wifi yangu alimbusu mtoto huku ana mafua. Mama mkwe anasema kuwazuia ni utovu wa adabu. Kweli kuna hatari?
Mama mzazi, Tanga

JIBU: Hongera kwa uzazi, mama. Hatari ipo. Kirusi kiitwacho RSV kwa kawaida humletea mtu mzima mwenye afya mafua tu, lakini kwa mtoto mchanga huweza kushuka kifuani na kuziba vijia vyembamba vya hewa. Husafiri kwa chafya, kwa busu na kwa mikono, na huweza kubaki hai kwa saa kadhaa juu ya meza au kitasa cha mlango.

Kukaa ndani hadi arobaini ni desturi njema sana, ila haisaidii ikiwa mtaa mzima unapita chumbani. Mwenye mafua, kikohozi au homa asubiri apone. Wengine wanawe kwa sabuni kabla ya kumpakata, na busu la usoni lisiwepo kabisa. Mwombe mama mkwe awe ndiye msemaji. Neno lake wageni hawalipingi.

Sasa mtazame mtoto. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, akikataa kunyonya au akipata homa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.