Mtoto Mwenye Ulemavu wa Kusikia Asiachwe Nje ya Mazungumzo ya Nyumbani

Shule zinapofungwa, wanafunzi wa shule za viziwi kama ile ya Kedowa, Kaunti ya Kericho, hurejea vijijini. Shuleni huzungumza na wenzao kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Nyumbani, wengi hukuta familia inayozungumza Kikipsigis na Kiswahili, bila hata mmoja anayejua ishara. Mtoto hula na wenzake na kwenda nao kanisani, lakini wakicheka hajui wanachekea nini. Akiuliza, huonyeshwa mkono kwamba asubiri, na mara nyingi harudiwi tena.

Upweke huu humuumiza mtoto hata kama analishwa na kuvishwa vizuri.

Dalili za kuangalia

- Anaitikia kila swali kwa kichwa, ingawa hajaelewa.
- Anajificha wageni wanapofika.
- Anakasirika ghafla au kupigana na wenzake.
- Anachoka sana jioni. Kufuatisha midomo ya watu kutwa nzima ni kazi nzito.

Tabia hizi zisichukuliwe kuwa ukaidi au ujinga.

Nyumbani

1. Mwambie mtoto akufundishe ishara tatu kila siku. Anza na salamu, chakula na majina ya jamaa. Kumfanya mwalimu wako kunampa heshima.
2. Mguse begani au mpungie mkono kabla ya kuzungumza, kisha mtazamane. Jioni, kaeni penye mwanga.
3. Mweleze habari zote, zikiwemo za msiba, ugonjwa na safari. Asishtukie tu watu wanalia.
4. Mkutanishe na viziwi watu wazima wanaojitegemea, ili aone maisha yaliyo mbele yake.

Darasani

Wengine husoma shule za kawaida, baadhi yao wakitumia vifaa vya kusaidia kusikia. Vifaa hivyo hukuza kila sauti, pamoja na kelele. Mvua yetu ya alasiri inapopiga mabati, mwanafunzi huyo hubaki bila msaada. Mwalimu aandike ubaoni, asizungumze akiwa ameupa darasa mgongo, na ampangie mwanafunzi mwenzake wa kumwonyesha ukurasa unaosomwa. Kejeli na majina ya dharau yakomeshwe mara moja.

Haki yake

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutumia lugha ya ishara. Kwa hivyo, mzazi anayeomba mkalimani kwenye mkutano au hospitalini haombi hisani.

Pa kuanzia

Ukishuku mtoto hasikii vyema, mpeleke kituo cha afya achunguzwe masikio. Usaha wa sikio unatibika, na ukipuuzwa unaweza kuleta uziwi. Kisha mwone mwalimu wa chekechea au mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC. Usingoje afike darasa la kwanza, kwa maana mtoto anayepata lugha mapema hupata pia njia ya kusema anapoumia.