Usiache Huduma kwa Sababu ya Udhaifu Wako

Kuna mwanamke anayejitoa kwenye kwaya polepole. Anaanza kwa kukosa mazoezi, kisha ibada ya kwanza, mwishowe anarudisha sare. Ukimuuliza, atasema kazi zimemzidi. Ukikaa naye vizuri ndipo anapotoboa: ana hasira za karibu, juzi aliwafokea watoto hadi majirani wakasikia, na anajiona mnafiki akisimama mbele za watu kumwimbia Mungu. Kwa dada huyu, na kwa wengi walio kama yeye katika jumuiya, vikundi vya akina mama na kamati za kanisa, nina ya kusema.

Kwanza pambanua. Mengi yanayowafanya wanawake wajione hawafai si dhambi hata kidogo. Kutojaliwa mtoto si dhambi. Kuachwa na mume, kufiwa naye, kutosoma vizuri hadi unaogopa kupewa somo siku ya ibada, kukosa pesa ya mchango au ya kitenge cha sare: hayo si makosa mbele za Mungu, hata kama wapo wanaoyanong'ona watu wakitoka kanisani. Kupigwa nyumbani vilevile si kasoro yako. Kosa ni la anayekupiga, na hapo unahitaji watu wa kukusitiri na vyombo vya sheria. Kuongeza siku za kufunga hakutamzuia mkono. Usitubu usilolitenda. Toba ya namna hiyo humaliza nguvu na haizai kitu.

Likibaki lile ambalo kweli ni lako, litaje kwa jina lake. Kumwambia Bwana kwamba wewe ni mdhaifu ni sala njema, ila ni pana mno, haikuonyeshi pa kuanzia. Sema: nawaonea wivu wenzangu wanaochaguliwa viongozi. Sema: nikichoka jioni natukana. Ukilitaja hivyo utagundua lina saa zake na mahali pake. Mwenye hasira za jioni aitazame jioni yake ilivyopangwa. Ikiwa vikao vya kanisa vinakuchelewesha kila mara, unafika nyumbani giza limeingia na jiko halijawashwa, pengine huduma ya kwanza ni kuachia kamati mbili kati ya tatu ulizojitwika. Martha wa Bethania alikemewa kwa kusumbukia mengi, lakini hakufukuzwa jikoni. Katika Yohana 11 ndiye anayetoka kumlaki Yesu na kumkiri kuwa Kristo, na sura inayofuata tunamkuta akiandaa tena chakula. Tabia yake ya utendaji ilibaki, na bado iliendelea kutumika.

Kisha mtafute mtu mmoja wa kumwambia. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, yaani kuungama waziwazi mbele ya wenzao. Naithamini sana desturi hiyo, ila si kila kundi leo lina kifua cha kubeba siri. Chagua mama aliyekomaa, anayejua kunyamaza, na asiyeogopa kukuambia ukweli. Shoga anayekubaliana nawe kwa kila neno hatakufaa kwa kazi hii. Kwa wale walio na padri au mchungaji wa kuungama kwake, njia iko wazi.

Ulimi unahitaji uangalizi wa peke yake, kwa sababu kanisani umbea huvaa joho la maombi. "Tumkumbuke dada fulani, binti yake ana shida," na kabla ya amina kila mtu ameshajua mimba ni ya miezi mingapi. Jiwekee sharti: sitapeleka jambo la mwenzangu kwenye kikundi kabla hajaniruhusu. Akiniruhusu, nitasema aliloniruhusu tu.

Na mkigombana, msikimbilie kugawana kikundi. Wafilipi 4 inawataja Euodia na Sintike, wanawake wawili waliokosana. Paulo aliwasihi wapatane, akaomba mtu awasaidie, na papo hapo akashuhudia kwamba walipigania Injili pamoja naye. Hakuufuta utumishi wao kwa sababu ya ugomvi, wala hakujifanya kwamba ugomvi haupo. Fanyeni hivyo: tafuteni msuluhishi mapema, kabla ya wengine kuanza kuchagua upande.

Nyumbani ndiko pagumu zaidi. Mathayo 5 inatufundisha kuiacha sadaka mbele ya madhabahu, kwenda kupatana kwanza, kisha kurudi kuitoa. Angalia kwamba sadaka haitupwi, inasubiri. Kwa hiyo uliyemfokea mtoto Jumamosi, muombe msamaha kabla ya Jumapili, kwa maneno mafupi, bila kuongeza "lakini na wewe ulizidi". Halafu nenda ukaimbe. Kuna wazazi wanaodhani wakiomba radhi heshima itashuka. Mtoto aliyeombwa radhi na mama yake anaiamini zaidi imani ya mama huyo.

Yapo makosa, hata hivyo, yanayodai upishe kwa muda. Mhazini aliyekopa kimyakimya kwenye kasha la kikundi asiendelee kushika ufunguo akisema Mungu ameshasamehe. Aseme, arudishe, au wapange naye jinsi ya kurudisha, na daftari lihamie kwa mwingine. Vivyo hivyo kwa aliyewaumiza waliokuwa chini ya uongozi wake. Miriamu, dada yake Musa, alipomnenea nduguye vibaya aliwekwa nje ya kambi siku saba, na Hesabu 12 inasema watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Nabii Mika anapowakumbuka waliotumwa mbele ya Israeli, anamtaja pamoja na Musa na Haruni.

Kama ni wewe uliyepisha, usipotee ibadani wakati huo. Kaa kiti cha nyuma, lakini kaa. Omba kazi isiyo na cheo: kufagia kanisa, kumchotea maji bibi mgonjwa, kupika msibani. Na wewe unayeongoza kikundi, mwambie mwenzako siku ya kumpumzisha ni lini mtakaa naye tena kuzungumzia kurudi kwake, na siku hiyo ikifika mwendee mwenyewe, usingoje aje kubisha hodi.